Misali: Kisiwa Kilichofanywa Msala

Magharibi mwa Pemba, mkabala na Chake Chake, kipo kisiwa kidogo cha Misali, kisicho na kijiji cha kudumu. Wavuvi hupiga dago ufukweni, kasa hupanda mchangani kutaga, na pembezoni mwake yametanda matumbawe. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhr alipofika Pemba aliwaomba wavuvi msala, wakakosa wa kumpa; akasema kisiwa kile, kilivyoelekea kibla, ndicho kitakachokuwa msala wake.

Simulizi hiyo ina uzito hata leo. Misali ilipofanywa hifadhi mwaka 1998, amri ya serikali peke yake haikutosha kumshawishi mtu ambaye riziki yake imo baharini. Mwaka 1999 Fazlun Khalid, kutoka taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Birmingham, alikutana Zanzibar na wavuvi na viongozi wa dini, wakazingatia mafunzo ya Qur'ani juu ya mizani na ukhalifa wa mwanadamu. Hapo kuvua kwa baruti kukafahamika kuwa ni dhulma kwa viumbe, zaidi ya kuwa kosa la sheria.

Lakini mwaka ule ule wa 1998 ulikuja msiba usiozuilika kwa doria. Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kiasi, matumbawe yakapauka na mengi yakafa. Mvuvi wa ngalawa hakuuwasha moto huo.

Ndugu msomaji, wako wanaosema hiyo ni kadari, wakanyamaza. Wako wanaomlaumu mvuvi peke yake. Aya ya 41 ya Surat Rum inafungamanisha uharibifu wa bara na bahari na matendo ya mikono ya watu. Na mikono hiyo hailingani. Azimio la Kiislamu la Istanbul la mwaka 2015 lilizitaka nchi tajiri na zile zinazochimba mafuta, zikiwemo za Waislamu wenzetu, zitangulie kuacha kuichafua anga.

Basi khatibu apandapo mimbari na mzazi akaapo na wanawe, wataje haki zote mbili: sisi tusiyavunje matumbawe kwa mikono yetu, na wenye viwanda na visima vya mafuta waulizwe juu ya joto walilolileta. Tukitaja moja na kuificha nyingine, tutakuwa tumepunja mizani.

Wallahu a'lam.