Kilo Mbili

Mwalimu mgeni aliitoa kwenye kisanduku akaniwekea kiganjani. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, kama kidaka kilichodondoka mnazini. Pampu ya moyo. Inashonewa kwenye ncha ya chumba cha kushoto cha moyo, inavuta damu na kuisukumia kwenye mshipa mkuu. Waya wake hutokeza nje kwenye ngozi ya tumbo, hadi kwenye betri mbili ambazo mgonjwa huzivaa mwilini. Nikauliza swali la kinesi: mapigo tunayahesabu vipi? Akacheka. Mara nyingi hayahesabiki, akasema, maana pampu haidundi, inazunguka, na damu inapita mfululizo kama maji ya mto. Unaweza kumshika mtu kifundo cha mkono usisikie kitu, naye amekaa mbele yako anakunywa chai.

Ilikuwa semina Dar es Salaam, ya wanaohudumia wagonjwa ambao moyo umeshindwa kazi. Nilikuwa nimetoka Kilwa kwa basi la alfajiri, na wodini nimeacha wazee watatu wanaolala wamekaa.

Ndivyo tunavyowatambua. Ndugu wanakuja: "Sista, baba akilala chali anakosa hewa, tumempangia mito minne." Mguu umejaa, kiatu hakiingii. Wengine wameshapita kwa mganga, wengine wameambiwa ni safura. Unabonyeza ugoko kwa kidole gumba, unahesabu hadi tano, unaachia. Shimo likibaki, hayo ni maji, na moyo ndio umeshindwa kuyazungusha.

Vitabu vya Ulaya vilitufundisha kwamba huu ni ugonjwa wa wazee. Wangu wengi walikuwa watu wa jembe na wa jarife, wenye watoto bado wanasoma. Daktari Abel Makubi na wenzake walipochapisha utafiti wa Muhimbili mwaka 2014, wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 55, na kwa karibu nusu yao chanzo kilikuwa presha. Mimi sikushangaa. Presha haina maumivu, na mtu wa pwani hanywi dawa ya kitu kisichomuuma.

Halafu kuna chumvi. Mkoa wetu wa Lindi una mashamba ya chumvi kandokando ya bahari, na kitoweo kisichoharibika ni ng'onda na papa mkavu. Bibi mmoja wa Kivinje nilimkataza ng'onda akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Mwanangu, sasa huo ubwabwa niule na nini?" Sikuwa na jibu siku ile. Nikarudi kesho yake na ndimu, pilipili manga na samaki mbichi wa shilingi zangu, tukapika pamoja kwa tui bila chumvi. Akala. Akasema hakina ladha, lakini akala.

Huyo bibi ndiye aliyenifundisha kazi. Nilimnunulia mizani Kariakoo, ile ya kusimama juu yake. Hakujua kusoma, mjukuu wake wa darasa la sita ndiye aliyeandika daftarini kila asubuhi, bibi akishatoka msalani na kabla ya chai. Kanuni ilikuwa moja: uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, hujanenepa, umejaa maji. Mjukuu huyo alinibipu mara moja kama mambo ni shwari, mara mbili kama kilo zimepanda. Bipu mbili zilipolia, nilimwuliza daktari juu ya kuongeza kidonge cha furosemaidi, ambacho wagonjwa hukiita dawa ya mkojo, kisha nikachukua bodaboda.

Ramadhani ndiyo ilikuwa mtihani. Watu waliacha vidonge mchana, wakavimeza baada ya futari, wakakesha chooni, na siku ya tatu wakaamua kuviacha kabisa. Nilimwendea imamu wa msikiti wa jirani, nikamweleza. Ijumaa iliyofuata alitangaza mwenyewe kwamba mgonjwa ana ruhusa. Kauli yake ilifanya kazi kuliko kliniki zangu za mwaka mzima.

Waliozidiwa tuliwapa rufaa ya kwenda Dar. Nilipoanza kazi mwaka 1996 gari lilisubiri kivuko pale Ndundu, na masika yakichachamaa safari ilichukua siku. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 nililia, sioni aibu kusema. Upasuaji wa kufungua moyo ukaanza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako wagonjwa wetu kadhaa waliwekewa betri ya moyo wakarudi kwao wanatembea. Betri hiyo lakini huuamsha moyo upige. Pampu husukuma damu kwa niaba yake. Aliyewekewa pampu sijamwona huku kwetu hata mmoja.

Mei 2024, mwaka wangu wa mwisho kazini, kimbunga Hidaya kilikuja na mvua, barabara ikakatika Somanga. Nilikuwa na kijana wa miaka thelathini na kitu, mapafu yamejaa maji, anatoa povu mdomoni. Kwenda Dar haiwezekani. Tulimkalisha kitako, miguu inaning'inia, oksijeni puani, sindano ya furosemaidi mshipani, na chupa ya mkojo nimeishika mimi. Ilipofika saa tisa usiku chupa ya pili imejaa, na yeye ameweza kusema sentensi nzima. Aliomba simu ampigie mama yake.

Pale kwenye semina yule mwalimu alisema kwamba kabla ya kumwekea mtu pampu, wao huwahoji watu wa nyumbani kwake: nani anaishi na mgonjwa, nani atasafisha kidonda cha waya, umeme upo? Nikawaza Songosongo. Gesi ya kisiwa kile imekuwa ikiwaka kwenye mitambo ya umeme ya Dar tangu 2004, na mimi nimebadilisha bandeji kwa koroboi. Wala hakuna mvuvi atakayekubali kirahisi kuambiwa asiguse tena maji ya bahari. Mwenye pampu haogelei.

Siidharau. Ningefurahi kuiona ikiwafikia wagonjwa wetu. Ila pale nilipofanyia kazi, sipataji, tuliwahi kukaa wiki sita bila kidonge kimoja cha furosemaidi, na kidonge hicho ni cha bei ya kashata. Anayetaka kutuletea pampu aanze na hicho.

Bibi wa Kivinje aliishi miaka saba baada ya mizani. Mizani yenyewe bado nzima. Iko kwa fundi mmoja wa majahazi, na kila asubuhi, ingawa nimestaafu, mke wake hunibipu mara moja.