Rufaa kwa Kaisari wa Leo



Paulo alipoona kesi yake kule Kaisaria imekwama, alikata rufaa kwa Kaisari, na Festo ikabidi ampeleke Roma. Tukisoma pale tunadhani rufaa ni kutamka tu.

Juzi mama mmoja wa ushirika wetu, ambaye mpwa wake amefungwa katika gereza la shirikisho huko Marekani, aliniuliza, "Pastor, kama jaji alikosea, si aende tu mbele?" Nimekaa usiku nikisoma, na najua wengi hapa mna watu huko.

Baada ya hukumu ana siku 14 za kutoa notisi ya rufaa, kama kwetu. Rufaa ikigonga mwamba, anabaki na ombi la kupinga kifungo, na sheria ya 1996, iliyotungwa baada ya bomu la Oklahoma City, inampa kwa kawaida mwaka mmoja tu tangu hukumu kuwa ya mwisho. Katiba yao haimhakikishii wakili hapo. Asiye na pesa huandika mwenyewe akiwa ndani. Jaji akikataa, lazima apate cheti ndipo asikizwe Mahakama ya Rufaa. Yaani unaomba ruhusa ya kuomba! Ombi la pili ni hadi majaji watatu wakubali, tena kwa ushahidi mpya mzito sana au kanuni mpya ya kikatiba.

Iliyoninyima usingizi ni kesi ya Jones dhidi ya Hendrix. Jones alihukumiwa mwaka 2000 kwa kumiliki bunduki akiwa na rekodi ya uhalifu. Miezi 327. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikasema, katika kesi ya mtu mwingine, kwamba lazima ithibitishwe mshtakiwa alijua ana rekodi hiyo. Lakini Jones alikuwa ameshatumia ombi lake la kwanza, na tafsiri mpya ya sheria haihesabiwi kuwa kanuni ya kikatiba. Juni 2023, majaji sita dhidi ya watatu wakamfungia. Hawakuuliza kama ana hatia. Waliangalia mlango tu.

Wanaotetea wanasema kesi lazima ziwe na mwisho. Naielewa hoja hiyo, lakini miezi 327 ni maisha ya mtu.

Kufunga na kuomba tutafunga. Ila wenye watoto huko, leo jioni pigeni simu muulize: hukumu ilikuwa ya mwisho tarehe gani? Harambee ya wakili tusiingoje Desemba.