Falsafa Si ya Wenye Paswadi Pekee

Tangu niache chuo, kuna swali sikosi kuulizwa: "Sasa wewe unasoma falsafa ya nini, na hata digrii huna?" Wasee, kufikiri hakujawahi kuhitaji digrii. Kinachohitaji digrii siku hizi ni kufungua faili za wale waliofikiri kabla yako.

Mimi niliacha kwa sababu ya karo. Muda si muda paswadi ya maktaba ikakufa. Makala zile zile nilizokuwa nasoma bure zikaanza kuniitisha dola 30, zingine 40. Dola 40 ni zaidi ya shilingi 5,000. Mtaani kwetu hiyo ni kodi ya chumba, mwezi mzima. Na si eti pesa hiyo inamfikia aliyeandika. Kwa kawaida, mwandishi wa makala ya jarida la kitaaluma halipwi hata bob na jarida.

Sasa cheki hii. Kuna hifadhi ya falsafa mtandaoni inaitwa PhilPapers, ilianzishwa 2009 na wanafalsafa wawili, David Bourget na David Chalmers. Kutafuta ni bure. Ingia uandike "Odera Oruka". Huyu ni Mkenya, profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki 1995. Kazi yake kubwa ilikuwa kujibu dharau moja ya zamani: kwamba Mwafrika ana mila na methali, lakini hana mtu binafsi anayekaa chini, apime jambo, kisha apinge hata watu wake mwenyewe.

Oruka hakujibu kwa kelele. Alienda vijijini akakaa na wazee, akawauliza kuhusu Mungu, kifo, usawa, uhuru. Kitabu chake cha 1990, Sage Philosophy, kina mahojiano hayo, na wazee wametajwa kwa majina. Mmoja ni Mzee Paul Mbuya Akoko. Mbuya alisema Wajaluo wenzake walikosea kudhani Mungu wao ni tofauti na Mungu wa watu wengine. Hoja yake: miungu ingekuwa mingi, ingezozana, na dunia ingevurugika. Lakini maumbile yana mpango mmoja, kwa hivyo Mungu ni mmoja. Unaweza kumpinga, hiyo ni sawa kabisa. Lakini huwezi kusema huyo mzee alikuwa anakariri mila.

Enyewe hapa ndipo mimi hukasirika. Wazee waliongea bure, kwa lugha zao, pale nyumbani. Leo mjukuu wao akitaka kusoma uchambuzi wa maneno hayo, lazima atafute kwa Kiingereza, na mara nyingi anagonga ukuta wa dola. Halafu PhilPapers yenyewe ina kichujio cha kuonyesha waandishi wataalamu pekee. Naelewa kazi yake, kwa sababu mtandao umejaa takataka. Lakini fikiria Mbuya angeleta hoja yake hapo leo. Kichujio hicho kingempitisha?

Usiniambie suluhisho ni kurudi chuo. Wengi wetu hatutarudi, na wengine hawakufika kabisa. Suluhisho ni kujua milango iliyo wazi.

Kwanza, kwenye PhilPapers washa kichujio cha kazi za bure, na ukizime kile cha wataalamu. Pili, kabla ya kusoma makala ngumu, pitia Stanford Encyclopedia of Philosophy. Ni bure kabisa, na ina makala nzima kuhusu falsafa ya wahenga wa Afrika, iliyoandikwa na Dismas Masolo, Mkenya mwingine. Angalia orodha ya vitabu pale mwisho, halafu tafuta jina moja baada ya jingine. Tatu, nenda African Journals Online. Huko utapata Thought and Practice, jarida la Chama cha Falsafa cha Kenya. Unapakua PDF na kusoma hata ukiwa kwa matatu bila bando.

Na ukigonga ukuta, mwandikie mwandishi barua pepe. Mistari mitatu tu: wewe ni nani, unataka makala gani, na kwa nini. Usiogope kusema huna chuo. Mtu aliyeandika kurasa 20 kuhusu jambo ambalo watu wachache wanalisoma atafurahi kusikia kuna msee Kayole analitaka.

Najua kuna mtu atasema falsafa haileti ugali mezani. Sawa. Lakini kila siku kuna mwanasiasa, mhubiri au jamaa wa kamari anayekuuzia hoja, na wewe unalipa kwa kura, sadaka au salio la simu. Kujua hoja mbovu inavyofanana kunakuokolea pesa.

Wikendi hii tafuta makala moja tu. Isome polepole, hata kama itakuchukua siku mbili. Ukimaliza, mpigie shosho au babu yako umuulize swali moja kama ya Oruka: je, binadamu wote ni sawa, na kwa nini? Akijibu, usiitikie tu. Mbishie kwa heshima, kisha uandike alichosema na jina lake kamili.