Usuli wa Wapigaji

Katika sura ya nne ya tasnifu yangu ya uzamifu imo sentensi moja ambayo watahini hawakuigusa. Inadai kwamba wimbo wa dansi wa Kiswahili wa miaka ya 1950 na 1960 ulikuwa mwigo wa muziki wa Kikuba uliovishwa maneno ya Kiswahili. Niliiandika kwa haraka, nikikimbilia uchambuzi wa maneno yenyewe, kwani maneno ndiyo niliyoyahesabu kuwa fasihi; ala na wapigaji wake niliwachukulia kama jamvi la kukalishia maneno. Tasnifu ikapita, na sentensi ikapita nayo. Wanafunzi wangu wawili wameinukuu katika kazi zao, na kila nilipoikuta nukuu hiyo nilijihisi kama mtu aliyefumaniwa. Makala haya ni jaribio la kuitangua.

Aliyeitangua kwanza si mhakiki. Ni mzee mmoja wa kwetu Kiirua, aliyepiga gitaa la besi katika bendi iliyotumbuiza kwenye baa za Meru na Isiolo miaka ya 1970. Jina la bendi sitalitaja, maana haikurekodi hata santuri moja, na wenyewe waliobaki hai hawapendi kutajwa. Kwa msomaji asiyepajua, Kiirua ni upande mkavu wa Meru, kaskazini mwa Mlima Kenya, pale mteremko unapoanza kulegea kuelekea Isiolo. Watu wa huko hulima mahindi, maharagwe na viazi, na macho yao hayabanduki mawinguni. Lugha ya nyumbani ni Kimeru. Kiswahili kilitufikia kwa njia ya shule, soko na redio, na kwa upande wangu redio ndiyo iliyotangulia. Niliweza kuimba "Sina Makosa" ya Les Wanyika kutoka mwanzo hadi mwisho kabla sijajua ngeli ni kitu gani. Maana ya wimbo huo niliipata baadaye sana, nikaona haya kwa kukumbuka ni mara ngapi niliuimba mbele ya nyanya yangu.

Nilimwendea mzee huyo likizo moja ya Desemba, nikiwa na kinasasauti na hojaji iliyopigwa chapa vizuri. Swali la kwanza lilikuwa: muziki wenu mliutoa wapi? Mzee alilisikiliza, akatabasamu, akasema, "Mwalimu, hilo ni swali la polisi. Niulize nani alinifundisha." Kisha akachukua kijiko akagonga chupa tupu ya soda: mapigo matatu yaliyoachana, halafu mawili yaliyokaribiana. Akarudia, na kurudia. Baada ya muda mguu wake ukaanza kukanyaga mapigo mengine kabisa, na kooni mwake ikatoka sauti nzito ambayo haikufuata kijiko wala mguu, ingawa haikugombana na kimojawapo. "Hivi vijiti," akasema akiinua kijiko, "nilivijua kwa santuri. Hii besi niliijua kwa padri."

Alipokuwa mvulana aliwekwa katika kwaya ya misheni, safu ya sauti ya nne. Waliimba Kilatini ambacho hakuna aliyekielewa, na kazi yake, kama alivyoieleza, ilikuwa kubaki chini wakati wengine wanapanda, na kuingia mahali ambapo sikio halimtazamii. Alikuwa mpiga besi miaka kumi kabla ya kuligusa gitaa la besi. Nilipomuuliza kuhusu wenzake, aliwaeleza mmoja mmoja kwa namna iyo hiyo, pasipo kutaja kabila wala wilaya: alimtaja kila mtu kwa mwalimu wake. Mpiga tarumbeta alikuwa ametoka katika bendi ya polisi, na hata katikati ya rumba alisimama wima kama yuko gwarideni. Mwimbaji alikuwa kijana wa Isiolo aliyelelewa kwa kasida za madrasa, akivuta silabi ya mwisho mpaka wapiga magitaa wakamsubiri. Mpiga tumba alikuwa na mikono ya ngoma za tohara. Mpiga gitaa la solo hakufundishwa na mtu. Alifundishwa na gramafoni ya mwenye duka mmoja, akinyanyua sindano na kuirudisha nyuma, kunyanyua na kuirudisha, hadi mwenye duka alipomfukuza kwa kumharibia santuri.

Nimesema hojaji yangu ilipigwa chapa vizuri. Niliirudisha mkobani.

Hizo santuri zina historia inayojulikana. Mwaka 1933 kampuni ya Gramophone ya Uingereza, yenye nembo ya His Master's Voice, ilianza kutoa kwa ajili ya soko la Afrika mfululizo uliotambulikana kwa herufi GV, na sehemu kubwa yake ilikuwa muziki wa Kikuba. Miongoni mwa za mwanzo ilikuwa "El manicero", utungo wa Moisés Simons uliorekodiwa mwaka 1930 na bendi ya Don Azpiazu, mwimbaji akiwa Antonio Machín. Ni wimbo wa mchuuzi wa karanga anayenadi bidhaa yake barabarani. Nimewahi kujiuliza msikilizaji wa Tanga au Mombasa, asiyejua neno la Kihispania, aliusikiaje wimbo wa muuza karanga huku muuza karanga wa kwake akipita mlangoni na vikaratasi vyake vilivyosokotwa. Tusisahau pia kwamba kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928. Basi gramafoni moja sebuleni iliweza kumzungusha Siti na kumzungusha Machín jioni moja, na sikio lililolelewa hapo halikuwa na sababu ya kuwatenga kama tunavyowatenga sisi katika mihutasari ya kozi zetu.

Mfano ulio maarufu zaidi ni wa Morogoro. Salum Abdallah Yazidu, aliyezaliwa mwaka 1928, aliunda na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1940 bendi waliyoiita La Paloma, ambayo baadaye ikawa Cuban Marimba. Jina la kwanza ni la wimbo wa Iradier, Mhispania aliyeipenda mahadhi ya Havana. La pili ndilo lililoniponza. Katika tasnifu nililichukua kama hati ya kukiri: watu wamejiita Wakuba, ushahidi gani mwingine unahitajika? Sikulitazama neno la pili. Marimba ni neno la Kibantu. Wagogo wanayo marimba yao ya vidole, na huko Cuba kwenyewe wapigaji wa mwanzo wa muziki wa "son" walikuwa na sanduku kubwa la vyuma vya kukwanyua lililowafanyia kazi ya besi, wakiliita "marímbula". Neno "mambo", ambalo ulimwengu mzima ulilicheza katika miaka ya 1950, wengi huliunganisha na Kikongo, na hakuna haja ya kumfasiria Mswahili. Kuna masimulizi kwamba Salum katika ujana wake alitorokea Mombasa akitafuta meli ya kumfikisha Cuba. Yawe kweli au yawe hekaya, hakufika. Alirudi Morogoro akaitunga Cuba yake hapo hapo, chini ya milima ya Uluguru, mpaka alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965.

Hapa ninalazimika kuingiza tahadhari, kwa sababu yako maelezo yanayopendwa sana katika semina zetu nami siyaamini. Husemwa kwamba muziki huu ulitoka Afrika katika majahazi ya watumwa, ukarudi katika santuri, na ndiyo sababu Waafrika waliudaka upesi: damu iliitambua damu. Hiyo nusu ya kwanza ni historia. Nusu ya pili ni uvivu. Watumwa waliopelekwa Cuba walitoka zaidi Afrika ya Magharibi na Kongo. Mmeru wa Kiirua hakuwa na nini cha kukumbuka katika mapigo yale. Kijana aliyefukuzwa dukani hakukumbuka chochote, alifanya kazi. Nadharia ya damu humnyang'anya ujira wake sawasawa na nadharia ya mwigo. Ya pili inasema ameiba, ya kwanza inasema amerithi, na zote mbili zinakataa kwamba alijifunza.

Tukiuliza swali la mzee, kwamba nani alimfundisha nani, picha hubadilika. Fundi Konde, aliyezaliwa pwani ya Kenya mwaka 1924, alipitia shule ya misheni, kisha akaingia King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akawa katika kikosi cha burudani kilichofika Burma. Rumba alizorekodi baada ya vita zina nidhamu ya mtu aliyezoea kupigia askari waliochoka. Nyuma ya kizazi chake kulikuwa na beni, ngoma ya matarumbeta na magwaride iliyoanza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea hadi Tanganyika katika vyama vya Marini na Arinoti. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, na yeye pia alilazimika kupambana na wale walioiona beni kama kejeli ya Mwafrika anayemwiga bwana wake. Au tuwachukue ndugu Wilson na George Kinyonga, watu wa Tanga: walianzia Jamhuri Jazz Band mwaka 1966, wakahamia Arusha, wakavuka kuja Kenya mwaka 1971 na kuunda Simba Wanyika. Wapigaji waliojitenga nao mwaka 1978 ndio waliozaa Les Wanyika, na miongoni mwao alikuwamo Omar Shabani, ambaye kwa gitaa lake la ridhimu mashabiki walimwita "Profesa". Cheo hicho alikipata bila ya kupitia kamati yoyote ya kupandisha vyeo, na sidhani kama kuna mtu aliyepinga.

Hata majina ya mitindo yanapasa kutufunza kitu. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilijulikana kwa Msondo. DDC Mlimani Park, ya mwaka 1978, kwa Sikinde. Hayo ni majina ya ngoma za pwani ya Tanzania. Wapigaji hawakuficha walikotoka. Sisi ndio tuliosoma jalada la santuri tukaishia kwenye neno "Cuban".

Ninakiri kwamba suala hili halinigusi kitaaluma tu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kongamano ambalo sitalitaja, nilisoma makala kuhusu vina vya kati katika tenzi. Mwenzetu mmoja, mjuzi kweli kweli, alisimama akakisifu Kiswahili changu kuwa safi kama cha kitabu. Kisha akaongeza kwa upole kwamba ushairi hauwezi kuhakikiwa na mtu ambaye hakubembelezwa kwa lugha hiyo. Ukumbi ulicheka kidogo. Nami nilicheka, kwani mtu hufanya nini? Usiku ule hotelini ndipo iliponijia kwamba aliyoyasema kunihusu ndiyo niliyoyaandika mimi kuhusu Salum Abdallah. Mimi nilikuwa Kimeru kilichovishwa maneno ya Kiswahili.

Hoja hii ina ukoo mrefu katika uhakiki wetu. Euphrase Kezilahabi alipochapisha "Kichomi" mwaka 1974, walikuwapo waliosema kwamba mashairi yasiyo na vina wala mizani ni mwigo wa Wazungu, na ubishi huo ukajaza kurasa za miaka mingi. Wachache waliuliza mkono wa mwandishi aliyezaliwa Ukerewe ulifunzwa na nani: na simulizi za kisiwani, na seminari, na falsafa aliyoisoma, na ushairi wa kimapokeo wenyewe aliouacha akiujua. Shaaban Robert, tunayemweka juu ya mjadala kana kwamba aliota ardhini Tanga, alizaliwa na wazazi wenye asili ya Wayao. Hatumwiti mwigaji. Pengine ni kwa sababu alifariki mapema, mwaka 1962, kabla hatujawa wengi wa kuuliza maswali ya polisi.

Sidai kwamba uigaji haupo. Nimesikia bendi zilizoiga, na nimesoma diwani za namna hiyo. Zinatambulika kwa kuwa kila kitu ndani yake kimetoka kwa mwalimu mmoja. Katika bendi ya mzee wa Kiirua, kasida ilimcheleweshea kijiko, gwaride likakivuta, na besi ya Kilatini ikakaa chini ikingoja. Mivutano hiyo ndiyo iliyokuwa muziki wao, na ndiyo ambayo sentensi yangu ilishindwa kuisikia. Uhakiki wa nyimbo hizi unaoanzia kwenye maneno, kama ulivyokuwa wangu, hauwezi kueleza kwa nini mwimbaji amerefusha silabi pale alipoirefusha, na mara nyingi maana iko hapo.

Nilirudi kwa mzee Aprili iliyofuata, safari hii bila hojaji. Nilimsomea sentensi ya tasnifu. Hakukasirika. Alifikiri kidogo, akaniuliza, "Na wewe, mwalimu, Kiswahili hiki chako alikufundisha nani?" Nikamtajia: George Kinyonga, John Ngereza, mwalimu wangu wa darasa la tano, mtangazaji mmoja wa redio ambaye sikuwahi kumwona uso, Shaaban Robert, na mwanamke aliyeuza nguo kuukuu soko la Meru na kunitukana kwa lafudhi ya Lamu kila nilipokosea bei. Mzee aliwahesabu vidoleni. Alipomaliza alisema waimbaji ni wengi mno na hakuna hata mpiga ngoma mmoja, kisha akaniomba nimpitishie kijiko.