Kwa Rehema, kuhusu ugonjwa wa baba yako mdogo

Mwanangu Rehema,

Unauliza kama tuwasihi madaktari wampandikize baba yako mdogo bakteria wa utumbo kutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye afya, na unasema uko tayari kutoa chako. Mungu akulipe kwa moyo huo. Lakini naomba tusiwasihi.

Wazo lenyewe lina msingi. Kongosho likivimba ghafla kama lake, mara nyingi kwa sababu ya vijiwe vya nyongo au pombe, utumbo unaweza kupungukiwa damu na ukuta wake ukalegea. Bakteria huvuka na kuvamia sehemu za kongosho zilizokufa. Maambukizi hayo huwaua wengi walionusurika siku za mwanzo.

Tena tiba hiyo imeponya watu, ila kwa ugonjwa mwingine. Bakteria waitwao Clostridioides difficile hustawi kwenye utumbo uliofyekwa na antibaiotiki, kama magugu kwenye shamba lililoachwa. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2013 uliwatibu wagonjwa 16: 13 walipona kwa dozi moja, wengine wawili kwa dozi ya pili. Wale walipungukiwa bakteria wema, wakarudishiwa. Baba yako mdogo shida yake ni ukuta wa utumbo na damu inayoufikia.

Hapa soma taratibu. Uholanzi hiyohiyo madaktari waliwapa wagonjwa wa kongosho kali bakteria rafiki kupitia mrija, kwa matumaini kama yako. Jaribio hilo, PROPATRIA, lilichapishwa 2008. Kati ya 152 waliopewa bakteria walifariki 24. Kati ya 144 waliopewa dawa bandia walifariki 9. Maambukizi hayakupungua. Wagonjwa 9 wa kundi la bakteria utumbo wao ulikosa damu, na 8 kati yao wakafa. Kundi la pili halikuwa na hata mmoja. Bakteria wale walidhaniwa ni salama kabisa! Nikizifikiria familia zile, moyo unaniuma.

Kinyesi kina bakteria wa aina nyingi kuliko wale. Jaribio dogo la Uchina lililochapishwa 2022 lilikijaribu kwa wagonjwa wa kongosho na halikuona faida. Kulikuwa na dalili kwamba ukuta wa utumbo ulizidi kupitisha vitu.

Na kuhusu kutoa chako: mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyepandikizwa kinyesi chenye E. coli sugu. Wewe unashinda wodini kwa mafunzo. Unaweza kubeba bakteria wa namna hiyo bila kuugua.

Kesho muulize daktari mambo haya. Je, anakula? Zamani wagonjwa hawa walishindishwa njaa ili kongosho lipumzike. Siku hizi hulishwa mapema, kwa mdomo au kwa mrija wa puani, kwa kuwa chakula ndicho kinachoutunza ukuta wa utumbo. Je, ultrasaundi imeonyesha vijiwe? Kama vipo, mfuko wa nyongo utatolewa lini? Na kama anapewa antibaiotiki, ni kwa dalili gani za maambukizi?

Mama yako mdogo anauogopa mrija, najua. Kaa naye umweleze kabla ya wauguzi kuja, kisha unipigie hata usiku.

Shangazi yako akupendaye