Miguu Kwanza, Nyasi Baadaye

Punda ndiye aliyenilisha na kunisomeshea watoto. Mikokoteni yangu imepeleka mahindi ya watu wa Kongoni na Sango hadi Moi's Bridge, kwenye maghala ya Halmashauri ya Nafaka, na msimu wa mahindi ukiisha nikabeba mchanga, maji, maziwa, hata makabati ya maharusi. Lakini kazi ambayo watu wa Likuyani hunitafutia uzeeni ni nyingine. Mtu akinunua punda na mtoto wake, hutuma kijana: "Mzee, umeitwa uje uone pa kuwaweka."

Nikifika, karibu kila mara napelekwa bondeni, kwenye nyasi zinazofika magotini. Siwalaumu. Wazazi wetu waligawiwa ardhi ya walowezi hapa miaka ya 1960 na wakaanza na ng'ombe wa gredi. Tangu hapo malisho tunayapima kwa maziwa. Punda ana asili nyingine. Ukoo wake ni punda mwitu wa nchi kavu za Eritrea, Ethiopia na Somalia, na tumbo lake limezoea majani magumu yasiyo na utamu mwingi. Mlishe mabichi manono mwaka mzima, atanenepa shingo hadi ikunjike upande mmoja, kisha kwato ziwake moto kwa ndani. Punda wa namna hiyo anaweza kuchechemea maisha yake yote.

Kwa hiyo naomba nionyeshwe mtelemko ambao mwenyewe anaudharau: nyasi fupi, changarawe kidogo, shamba lililokwisha kuvunwa lenye mabua makavu. Nakanyaga kwa kisigino. Maji yakichuruzika kwenye unyayo, naendelea kutembea, maana kwato zikilala matopeni huoza na kunuka. Mwenye shamba hununa. Mama mmoja aliniuliza kama nimekuja kumsaidia punda wake au kumfunza njaa.

Baada ya ardhi, paa. Watu humwona punda mgumu, wakadhani mvua haimsumbui. Manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi. Hulowa mpaka ngozini, na baridi ya Julai huku kwetu humwandama mtoto haraka. Zamani nilishauri kuta tatu na mabati, upande wa nne wazi ambako upepo hautoki, sakafu iinuliwe kuliko ua. Nafasi iwatoshe wawili kupishana, kwa sababu punda hapendi kubanwa kona na mwenzake, wala hapendi kuishi peke yake.

Upande ule wa wazi tuliuziba kwa lazima. Mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa Naivasha na Mogotio, ngozi zikawa zinasafirishwa kwenda China kuchemshwa dawa, na wizi wa punda ukaenea nchini. Watu waliamka wakakuta mifupa kichakani. Waziri Peter Munya aliyapiga marufuku Februari 2020, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kusitisha biashara ya ngozi hizo barani kote. Mimi sikusubiri maafikiano. Mabanda ninayoshauri siku hizi yana mlango, kufuli, na dirisha refu la hewa kwa juu, nayo yako karibu na dirisha la kulalia la mwenye mji.

Karibu na nyumba, ndiyo, ila mbali na ghala la mahindi. Hapo nakuwa mkali. Mvua ikituvamia wakati wa mavuno, kila mji hubaki na mahindi yaliyoota kuvu, na desturi ni kuwapa mifugo. Ng'ombe huyastahimili kwa kiasi. Punda hapana. Sumu iliyomo, fumonisini, ambayo wanasayansi wa Afrika Kusini waliitambua mwaka 1988, humlainisha ubongo: anazunguka, anagandamiza kichwa ukutani, haoni, na huenda asimalize siku mbili. Jirani husema amerogwa. Daktari wa mifugo akiitwa wakati huo, hana dawa ya kulirudisha alilopoteza. Magunia hayo yafungiwe kwingine, tena juu, kwani mtoto wa punda ana midomo ya udadisi kuliko mbuzi.

Maziwa ya mama ayanyonye mpaka miezi sita hivi, na akiachishwa asipelekwe mbali naye.

Swali la mwisho huwa lile lile, nalo huulizwa nikiwa tayari nimevaa kofia: ataanza kuvuta lini? Miaka minne, nasema, mifupa ikishakomaa. Kijana mmoja alihesabu kwa vidole, akaniuliza kama nina punda mkubwa wa kuuza. Nilikuwa naye. Tulianza kupatana bei pale pale.