Betri, Khanga na Siri ya Korogwe

Mwezi huu naomba nianze na swali. Ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mlikaa kimya ndani ya gari, na ukimya ule haukuwa wa kununiana?

Kwetu ilikuwa Aprili 2021, kwenye foleni ya Mwenge, siku ya tatu tangu tulitoe gari letu bandarini. Taa nyekundu, magari yamesimama, mara nikahisi kitu kimepungua. Nikamshika mume wangu mkono. "Limezima!" Akacheka kama mtu aliyekuwa anaisubiri siku hiyo kwa hamu. "Halijazima, mama watoto. Limepumzika." Na kweli, AC ilikuwa inapuliza, redio inaongea, lakini injini kimya. Taa ziliporuhusu tukasogea taratibu kama mtumbwi, bila muungurumo wowote. Watoto nyuma wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa bado nimenuna.

Unajua kwa nini? Kwa sababu lile gari lilikuwa kiwanja changu cha Bunju.

Ngoja nikueleze. Sisi ni watu saba ndani ya nyumba: mimi, baba watoto, watoto watatu, mama mkwe na dada anayetusaidia kazi. Gari letu la zamani lilikuwa la watu watano, kwa hiyo kila Jumapili ibada yetu ilianza na ugomvi wa nani anapakatwa. Wote tulikubaliana kwamba tunahitaji gari kubwa. Tatizo lilikuwa aina. Mimi nilitaka kitu cha kawaida cha viti saba, cha bei ya wastani, chenji ibaki tununue kiwanja. Yeye alitaka haibridi. Jina la gari silitaji, maana hapa hatufanyi matangazo, lakini ni kubwa, la viti saba, lilitumika Japani kabla ya kuja kwetu. Na kodi ilipojumlishwa, chenji ya kiwanja ikayeyuka yote.

Kwa ambaye hajawahi kulipanda, haibridi ni gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, vyote viwili vikisaidiana. Mnapoondoka taratibu, mota ya umeme inaweza kulivuta gari peke yake. Mkikanyaga mafuta kupanda mlima, injini inaingia. Mkifunga breki, ile nguvu ambayo kwenye gari la kawaida hupotea kama joto, sehemu yake inarudishwa kwenye betri. Si teknolojia ya jana. Toyota walianza kuuza Prius huko Japani Desemba 1997, Ford wakaleta Escape ya haibridi Marekani mwaka 2004, na mwaka 2005 Harrier na Kluger za haibridi zikaingia barabarani Japani. Baadhi ya hizo leo utaziona zimeegeshwa Kinondoni, na mwenyewe anaita tu "Harrier tako la nyani" bila kujua kuna mota ya umeme chini.

Haya yote mume wangu alinieleza mezani, na karatasi na kalamu. Mimi nilisikia neno moja tu: Bunju. Kwaheri.

Majirani nao hawakunisaidia. Shemeji yangu mmoja akaniuliza, "Sasa umeme ukikatika, shem, mtafikaje kazini?" Nilichoka kueleza kwamba haibridi ya aina yetu haichomekwi ukutani. Unaweka petroli sheli kama watu wengine, umeme linajitengenezea lenyewe. Wapo wasioamini mpaka leo.

Basi nikafanya kitu ambacho nakiri ni cha kitoto. Nikanunua daftari dogo, nikaliweka kwenye pochi, nikaanza kuandika mafuta. Kila lita, kila kilomita. Lengo langu lilikuwa moja: siku moja nimwekee mezani na kumwambia, "Unaona?"

Daftari likanisaliti, jamani. Kutoka Tegeta hadi Posta na kurudi, pamoja na kupitia shule, ni kama kilomita 50 kwa siku. Siku 22 za kazi, kilomita 1,100 kwa mwezi. Gari la zamani lilikuwa linakwenda kilomita 7 kwa lita moja, yaani lita 157. Hili likawa linakwenda 11, yaani lita 100. Mwaka 2022, bei ya petroli Dar es Salaam ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita na watu wakaanza kuegesha magari nyumbani, zile lita 57 zilikuwa shilingi 171,000 kila mwezi. Foleni ile ile inayotutoa machozi ndiyo gari letu linapojidai, kwa sababu likisimama halinywi kitu, na kila breki inarudisha kidogo.

Unadhani nilimwambia? Thubutu! Nililifunga daftari langu, nikarudisha kwenye pochi. Akiniuliza, "Unaonaje gari?" najibu, "Linatembea."

Krismasi ya 2023 tukaenda Moshi, kama ilivyo desturi ya ukweni. Watu saba, mizigo, mchele, nguo za sikukuu, zaidi ya kilomita 500. Kabla ya kuondoka nikatandika khanga zangu mbili juu ya viti vya katikati, nikazikunja vizuri na kuzichomeka pembeni na chini, maana watoto na juisi nawajua. Tulipofika Moshi baba watoto akagonga usukani kwa furaha. "Tangi moja, mama! Dar mpaka Moshi, tangi moja!" Nikaandika kwenye daftari. Nikajisikia nimeshindwa rasmi.

Halafu ikaja Januari. Unaijua Januari, mwenzangu. Ada, sare, madaftari, na mfuko umetoka sikukuu umekonda. Siku moja mchana, jua la kuchoma, natoka kuwachukua watoto, foleni haisogei. Dashibodi ikawaka pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao. Gari likawa zito. Feni fulani ikawa inavuma nyuma ya kiti kama pasi ya mvuke.

Na hapa nitakuambia ukweli ambao sikumwambia mtu kwa wiki nzima. Kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni hakikuwa hofu. Ilikuwa furaha. Nusu dakika hivi, watoto wangu wakiwa nyuma na jasho linawatoka, nilifurahi kwamba hatimaye nimepata cha kumwambia.

Fundi wa kwanza aliangalia taa tu, hakufungua kitu. Akasema betri kubwa imekufa, tutafute milioni 6. Piga hesabu na mimi: milioni 6 ukigawanya kwa 171,000 ni miezi 35. Sisi tulikuwa na gari kwa miezi 33. Yaani hata tukihesabu kwa bei ya juu ya petroli, kila senti tuliyookoa, pamoja na mingine ambayo hatujaiokoa, yote inakwenda kwenye betri.

Usiku ule nikamwaga yote. "Ndicho kiwanja changu hiki? Kiwanja gani kinawaka taa nyekundu?" Nikaongeza na maneno mengine kuhusu wanaume na vyuma ambayo siwezi kuyachapisha hapa. Hakujibu. Akachukua mto, akaenda sebuleni. Mama mkwe asubuhi akamkuta amelala kwenye kochi, akanitazama bila kusema neno. Afadhali angesema.

Siku tatu nyumba ikawa na ukimya, na safari hii ulikuwa ule wa kununiana. Siku ya nne nikaona fomu ya mkopo ya SACCOS ya kazini kwake ndani ya begi lake. Milioni 6. Alikuwa anakwenda kukopa kimya kimya ili nisimseme tena. Ile fomu iliniuma, sikufichi. Nikajiuliza, mume wangu ameanza lini kuniogopa?

Nikamwomba funguo, nikamwambia napeleka gari kuosha. Nikalipeleka kwa kijana mmoja niliyeelekezwa na mwenzangu ofisini, fundi wa magari ya haibridi mwenye mashine ya kupimia. Huyu hakuanza na bei. Akachomeka mashine, akasoma, akaniuliza, "Dada, hapa nyuma mnabeba nini?" Akavaa glovu nzito za mpira, akachomoa kifaa cha usalama kinachokata umeme wa betri kubwa, akanionya nikae mbali na nyaya za rangi ya chungwa. Betri ya kawaida ya gari ni volti 12. Hii ni zaidi ya volti 200, si ya kuchezea. Akainua kiti cha katikati.

Kumbe betri yenyewe ipo chini ya kile kiti, na inapoozwa kwa hewa ya humo humo ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia matundu madogo pembeni mwa kiti. Matundu yale yalikuwa yamezibwa na khanga. Khanga zangu. Zile za Moshi, sikuwa nimezitoa. Nyuma yake kulikuwa na vumbi, nyuzi za nguo, na makombo ya biskuti ya kulisha darasa zima.

"Betri haijafa, dada," akasema kijana. "Ilikuwa inakosa pumzi."

Akasafisha feni, akafuta kutu kwenye viunganishi, akafuta kumbukumbu ya hitilafu, tukalizungusha barabarani saa nzima. Taa haikurudi. Gharama: shilingi 150,000.

Sasa mpenzi msomaji, nieleze wewe ungefanyaje. Nilikuwa na gari zima, risiti ndogo, na hakuna aliyejua habari za khanga isipokuwa mimi na fundi. Ningeweza kurudi nyumbani shujaa: "Nimelitengeneza gari LAKO." Nilikaa nje ya geti dakika kumi nikilifikiria hilo. Gari lilikuwa kimya. Nilikuwa najisikia mwenyewe ninavyohema.

Nikaingia ndani na khanga mkononi. Nikamwambia yote: matundu, makombo, daftari la mafuta, ile furaha ya nusu dakika, na kwamba nimeiona fomu. Nikalitoa daftari nikamwekea mezani, lakini si kwa sababu niliyolinunulia.

Akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Akafika Desemba 2023, akaanza kukuna kichwa.

"Mama watoto," akasema, "hii ya Moshi si kweli."

"Si kweli vipi?"

"Niliongeza mafuta Korogwe. Wewe ulikuwa umelala."

Kumbe bwana! Kwenye barabara kuu, gari likiwa limejaa watu saba na mizigo, mwendo mrefu bila breki nyingi, mota ya umeme haina nafasi kubwa ya kusaidia. Injini ndiyo inayofanya kazi, na gari ni zito. Yeye alilijua hilo tangu safari ya kwanza. Lakini baada ya kunisifia lile gari kiasi kile, na mimi nimeninginiza kiwanja shingoni mwake, aliona aibu kusema kwamba safarini si la ajabu sana. Kwa hiyo kila safari ndefu alikuwa anaongeza mafuta kwa pesa zake za mfukoni, nikiwa nimelala au nimekwenda kujisaidia.

Tulicheka mpaka mama mkwe akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Lakini baada ya kicheko tulikaa tukaongea mpaka saa nane usiku. Tulikuwa tumeishi karibu miaka mitatu, mmoja anaandika makosa, mwingine anayaficha. Fomu ya SACCOS tuliichana. Daftari limebaki, ila sasa linakaa ndani ya gari, na tunaandika wote wawili, Korogwe ikiwemo.

Kama wewe na mwenzi wako mnafikiria haibridi kubwa ya familia, haya ndiyo ninayowaambia rafiki zangu. Angalieni maisha yenu kwanza: kama ni foleni kila siku, itawalipa, kama ni safari ndefu za mikoani, msitegemee maajabu. Kabla ya kulipia, lipimwe kwa mashine na fundi anayezijua haibridi, asome hali ya betri kubwa. Ulizeni mapema bei ya betri, na wekeni akiba kidogo kidogo kwa ajili yake, kwa sababu gari lililotumika linakuja na betri iliyotumika. Fundi akisema betri imekufa kabla ya kufungua kiti, tafuteni wa pili. Na jueni matundu ya hewa yako wapi, yasafishwe kila mnapofanya sevisi.

Kiwanja cha Bunju? Bado hatujanunua. Tumefungua akaunti, na zile lita 57 tunazibadilisha kuwa pesa na kuziweka huko kila mwisho wa mwezi. Hazijafika mbali, ila zinaonekana, na wote wawili tunaziona.

Khanga zangu nazo zimerudi mahali pake. Kiunoni.